Jibu ni A

Jamani, hii hamtaamini, lakini ilitokea: daktari mzima, miaka sita anaunga mifupa ya watu, alimjibu mama wa mgonjwa kwa herufi. Herufi!

Wodini walimwita Dokta Maswali. Mtihani wa ubingwa wa mifupa ulikuwa keshokutwa, na alishaufeli mara mbili. Simu haimtoki mkononi: maswali ya mazoezi ya kuchagua jibu, mia kila siku, na kila siku alama zinagoma palepale, hamsini na nane. Kupita ni sabini. Karudia mpaka macho yanawasha, hamsini na nane! Kama gari lililozama kwenye tope: unakanyaga mafuta, linazidi kuchimba.

"Shida yako husomi swali," akaambiwa na Fundi Plasta, mzee aliyekuwa akifunga na kukata plasta pale tangu Dokta hajaota meno. "Unaona maneno matatu, kidole kishabonyeza."

"Mzee, niache. Swali moja dakika moja."

"Haya. Hata kasuku anajua kusalimia."

Saa sita mchana mama mmoja akaingia chumba cha plasta na binti yake wa miaka saba, mkono umefungwa tangu jana. Mtoto kalia mpaka sauti imekauka.

"Dokta, dawa ya maumivu nimempa mara mbili, haijasaidia kitu."

Dokta yuko swali la themanini na moja. "Ngoja kidogo mama, namalizia."

Dakika ishirini! Mama kasimama tu, anambembeleza mwanawe, mpaka uvumilivu ukamshinda.

"Dokta, vidole vimevimba!"

Na yeye, bila kuinua macho: "Plasta, vidole vimevimba... Jibu ni A."



"A ndiyo nini, baba?" mama akauliza.

A ilikuwa "inua mkono juu." Sahihi kabisa, kwa mtoto asiye na maumivu makali.  Fundi Plasta alishika kidole cha yule binti, akakinyoosha taratibu, na mtoto akapiga ukelele uliomwangushia Dokta simu. Ndipo akili ikamrudia: misuli imevimba ndani ya plasta, damu haipiti, ikichelewa mkono unakufa. Msumeno ukanguruma. Plasta ikapasuliwa, na pamba zote, mpaka kwenye ngozi. Dokta akabaki anagusa vidole kimoja kimoja, jasho linamchuruzika, mpaka vikapata joto na mtoto akasinzia begani kwa mama yake.

"Mungu akubariki, Dokta," mama akasema. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Likabaki daftari. Kila plasta inayokatwa kwa dharura huandikwa humo, na saa yake. Daktari mkuu hulisoma kabla ya kutoka kazini, na huyohuyo ndiye wa kusaini barua ya kuruhusiwa mtihani.

"Andika umemwona, umekata," Fundi Plasta akanong'ona. "Mtoto mzima, yamekwisha. Usijichimbie kaburi."

Dokta akaandika yote. Dakika ishirini. Hata ile A.

Bosi alisoma mara mbili, akavuta droo, akatumbukiza barua bila saini. "Mwakani."

Mwaka mzima mwingine wa hamsini na nane! Fundi Plasta mpaka leo anamwita mjinga, tena mbele za watu.

Haya, niambie wewe: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika?