Kiti cha Mbonea Kimekaliwa

Alhamisi ile Mbonea alipotutoka niliiota tena usiku wa jana, na haikuwa imepungua hata dakika moja. Ni saa nne asubuhi. Mume wangu yuko kwenye kiti chake cha mninga karibu na mlango, na mkono wake wa kulia, uliotetemeka miaka sita, umetulia. Nikafurahi, nikaenda kumpikia uji. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, na kando yake imesimama mashine.

Ilikuwa nyeupe, yenye tundu kubwa katikati kama kisima kilichoegeshwa ukutani. Niliitambua. Ndiyo iliyompiga Mbonea picha ya ubongo kule mjini, daktari akatueleza kwamba dopamini yake imekwisha, ile kemikali inayomwinua mtu akifuate anachokitamani.

"Mama, umefunga tangu jana?" mashine ikauliza.

Nikajibu kwamba nimefiwa.

"Tutaandika ndiyo."

Shemeji Kallaghe, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshafika na futi yake ya kupimia. Huwa anawahi sana palipo na kitu cha kubeba. Alieleza kwa upole kwamba siku ya kuanua tanga vitu vya marehemu hugawiwa, na kwamba kiti kile, kwa heshima zote, kingependeza barazani kwake. Mashine ikasema hakigawiwi kitu kabla ya kipimo. Ikionekana ubongo wa mjane haumngojei tena mwenye kiti, shemeji akibebe.

Nikachomwa sindano. Dawa yenyewe ilikuwa watu wadogo wanaong'aa, wamevaa suti za msibani. Walipanda ndani ya mkono wangu wakilalamikia ngazi. Walipofika kichwani, kichwa kikawa uwanja wetu wa nyumbani, turubai limefungwa na viti vya plastiki vimepangwa. Wakaketi bila kukaribishwa.

"Hao ni wageni wetu," mashine ikasema. "Hukalia viti vya dopamini. Yenyewe ikija, wanaipisha. Sisi tunahesabu waliobaki wamekaa. Usitikisike."

Sikutikisika. Hata chozi lilisimama shavuni likingoja ruhusa.

Wakaanza kunijaribu. Ikaletwa sahani ya pilau, hakuna aliyeinuka. Akaletwa jirani aliyeniambia kwamba nitazoea. Wageni wawili wakavua viatu. Shemeji akasoma risala yake ya pole, kurasa nne, na alipofika ya pili wengine walikuwa wanakoroma. Mashine iliandika yote.

"Nadhani inatosha," shemeji akasema, akikunjua futi.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia kwenye kona ya kwa fundi cherehani. Mara mbili. Hivyo ndivyo Mbonea alivyokuwa akipiga, kabla mkono haujamshinda, ili niepue chai.

Wageni wote wakasimama. Waliokuwa wanakoroma walisimama wakiwa bado wanakoroma. Mkubwa wao akafuta kiti kwa leso yake, akaniambia, "Samahani, mwenyewe anakuja."

Natazama getini. Natazama. Baiskeli haitokei.

"Hajafika," nikaiambia mashine, nikaona aibu kama mtu aliyewasimamisha wageni bure.

"Kufika ni kitengo kingine, mama. Hapa tunapima kungoja."

Ikatoa muhuri wa wino wa zambarau. Muhuri ulikuwa ugongwe kwenye kiti, lakini shemeji alikuwa ameshaweka mkono wake pale. Ukaugonga mkono: KIMEKALIWA.

Nikaamshwa na hodi. Kumekucha, na mlangoni yupo Kallaghe na futi yake. Alinipa mkono wa kushoto, jambo ambalo hata yeye hafanyi. Wa kulia ulikuwa mfukoni. Nikamkabidhi kikombe cha chai ya moto na sahani ya mihogo, vyote kwa pamoja.

Ikabidi autoe. Ngozi ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyekundu, lakini zambarau ilikuwa bado inasomeka.

"Umeshika nini, shemeji?"

"Wino tu. Nimeamka nao."

Alikunywa chai amesimama. Kiti hakukiulizia.

Jumamosi tunaanua tanga. Nguo zitagawiwa, baiskeli ataichukua Kallaghe, kengele nimeshaifungua. Kiti kinabaki mlangoni.