Kigoda cha Chumba cha Saba

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, mfagizi wa jumba la makumbusho alikuwa anafuta vioo vya chumba cha saba, juu kwenda chini kama alivyofundishwa, bibi yake alipoingia. Bibi alikuwa amekufa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Alipanga foleni kama watu wengine, mlinzi akapekua mkoba wake na kumwomba aache fimbo mapokezini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kiko wapi?"

Mfagizi alimwonyesha kwa kitambaa. Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa katikati kwa kukaliwa. Kibao kilisema: *Kigoda. Mchongaji hajulikani. Mguu mmoja ni mfupi, kosa la mchongaji. Zawadi ya afisa wa jeshi.* Miaka kumi na mmoja mfagizi alikuwa akikifuta kibao hicho kila siku, na maneno yake hayakufutika.

Bibi aliinama. Chini ya mguu mfupi palikuwa na kipande cha plastiki.

"Nani amekivalisha kiatu?"

"Mafundi wa hapa. Wanasema kilikuwa kinainama."

"Iliyoinama ni sakafu ya jiko langu. Kigoda kilikuwa sawa." Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikamkauka. "Na zawadi hiyo, nani alimpa? Nilikuwa nimekikalia. Walininyanyua askari wake wawili, huyu kwapa hili, yule kwapa lile, ndipo wakaichoma nyumba."

Akaomba akikalie kidogo. Alikuwa ametoka mbali, na miguu ilikuwa imevimba.

"Samahani mama, vya humu haviguswi," mlinzi alisema.

"Hata na aliyekichonga?"

"Kanuni haijamtaja huyo, mama."

Akaitwa mtunza mkusanyiko, mwanamume mpole mwenye glavu nyeupe. Bibi alimwambia mguu ule umepungua vidole viwili vyake. Wakapima, vikawa viwili. Akamwonyesha kovu la tezo ya kuchongea kwenye kidole gumba. Akamtajia jina lake mara tatu. Mtunza alimsikiliza kwa heshima zote, wala hakubisha kwamba amekufa. Ila aliuliza kama ana hati.

"Hati niliiweka wapi, baba, na nyumba imeungua?"

"Barua ya afisa tunayo," mtunza alisema. "Inasema alipewa."

Tangu siku hiyo Bibi alifika kila mlango ulipofunguliwa, akasimama mbele ya kioo mpaka kengele ya kufunga. Watalii walimpiga picha. Mfagizi akaandika barua kwa bodi, akaomba kigoda kirudishwe, na kama hilo ni zito, basi jina la bibi yake liandikwe kwenye kibao. Wafagizi wote walitia sahihi. Msimamizi wao alimwonya kwamba akikosea jambo moja tu, aende zake.

Bodi ilikaa wiki mbili. Ilijibu kwamba imeguswa sana. Kigoda kisingetoka, na kibao kingebaki, kwa kuwa ukibadilisha kimoja, watu wataanza kuuliza habari za vingine vyote. Lakini bibi mwenyewe angepewa heshima yake.

Walimpanulia sanduku. Bibi yuko ndani sasa, hatua moja kutoka kwenye kigoda. Kibao chake ni kipya: *Mwanamke amesimama. Hajulikani.*

Asubuhi ya kwanza mfagizi alikuta kioo kina ukungu wa pumzi upande wa ndani, ambao si kazi yake. Akakisogelea.

"Kaa tu, Bibi. Hamna mtu."

Bibi alinyoosha kidole kwenye waya mwekundu uliopita chini ya kigoda. Uzito wa paka tu ungetosha kuliza kengele.

"Nikikaa watamfukuza nani?"

Mfagizi aliutazama waya.

"Haya basi. Ukiondoka wewe, nitafutwa vumbi na mtu asiyejua hata jina langu." Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "Fuata kazi yako, mjukuu wangu. Nimeshazoea kusimama."

Mfagizi alifuta kioo, juu kwenda chini. Akakunja kitambaa, akaenda chumba cha nane, ambako babu wa mtu mwingine alikuwa amesimama tangu mlango ulipofunguliwa, akiitazama ngoma yake.