Mgeni Rasmi wa Kambi ya Macho

Klabu ya Huduma ya Nandgiri haikuwahi kutoa kitu bila kupigwa picha, na mpiga picha alikuwa Dhondiram Khot. Kila mwanachama alijua kwa nini Dhondiram, mtu aliyeishia darasa la sita na asiyejua kufunga tai, alikaribishwa kwenye klabu ya mawakili na wenye maduka. Alikuwa na studio karibu na stendi, na picha za klabu alizisafisha bure. Yeye hakuona vibaya. Aliwapenda watu wale, na kwa kuwa aliwapenda, aliwasema.

"Mbona blanketi moja limeshikwa na wanaume sita?" aliwauliza msimu wa baridi, jicho likiwa kwenye kamera. "Mnampa bibi blanketi au mnamjengea hema?"

"Wewe piga picha, Dhondi," akajibu mwenyekiti Mahavir Upadhye, mwenye duka la dawa, huku amevuta tumbo ndani. "Hayo mengine tuachie sisi."

Picha ikatoka gazetini. Wanaume sita wanachekelea, bibi anatazama chini kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mji mzima uliiona, akiwemo Hindurao Magdum, na hapo ndipo shughuli ilipoharibika.

Hindurao alikuwa vastad, mwalimu wa mieleka. Ujanani aliangusha watu kuanzia Sangli hadi Belgaum, na uzeeni akawa anafundisha vijana kwenye uwanja wa ndani ulio kando ya mto, wenye udongo mwekundu uliokandwa kwa mtindi na mafuta. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia liliingiwa na mtoto wa jicho, likawa linazidi weupe kila ukiliangalia. Daktari Mujawar, mama aliyekuja na wenzake kutoka hospitali ya macho ya Kolhapur kila mwaka baada ya mavuno ya miwa, kwa ajili ya kambi ya klabu, alikwisha kumwambia waziwazi: limeiva, ukilichelewesha litapasuka ndani kwa ndani, na likipasuka usinitafute. Hindurao akajibu kwamba atafikiria. Mwaka ukapita akifikiria.

Dhondiram alimfuata uwanjani siku chache kabla ya kambi. Walikuwa marafiki tangu walipogaragara pamoja kwenye udongo ule ule, mpaka Dhondiram alipovunjika ubavu na kukimbilia kamera.

"Kambi ni Jumapili," alisema.

"Nimesikia. Kipaza sauti chenu kimepita hapa mpaka nyati wa maziwa wamejiandikisha."

"Basi na wewe uje."

"Nije nishikwe na wanaume sita?"

"Lililoshikwa ni blanketi."

"Na mimi nitashikwa nini? Nitasimamishwa na kitambaa jichoni, Mahavir bega hili, yule mwenye duka la saruji bega lile, na chini mtaandika: Klabu yamwonea huruma mwanamieleka fukara. Bora giza, bwana."

"Basi twende Kolhapur wawili tu, nitalipa mimi."

"Kwani huruma yako ina rangi nyingine? Mkeo akinipa mkate wa mtama nakula, kwa sababu ni mkate. Jicho si mkate."

"Utapofuka, mpumbavu wewe!"

"Nani apofuke? Naona vizuri. Si hilo shati lako la bluu?"

Dhondiram akajitazama. Shati lilikuwa jeupe. Akaenda zake nyumbani na hakula chakula cha jioni, mkewe akadhani ni tumbo.

Jumapili ikafika. Hema likapigwa kwenye uwanja wa shule, jukwaa likapambwa kwa maua ya njano, meza za madaktari zikatandikwa vitambaa vyeupe. Wagonjwa walitoka vijijini kwa matrekta tangu alfajiri, wakakaa kwenye mikeka na vifurushi vyao vya nguo, maana ambao wangekubaliwa wangeondoka na basi la hospitali siku hiyo hiyo, saa saba kamili.

Madaktari tayari, wagonjwa tayari, lakini kambi haianzi. Mgeni rasmi, gavana wa klabu zote za kanda, hajafika. Nandgiri hakuna kitu kinachojifungulia chenyewe, hata kiwe choo cha stendi. Lazima mgeni awashe taa ya shaba, afungwe kilemba, avishwe shali, akabidhiwe nazi. Mahavir alipiga simu mara nyingi. Gavana yuko njiani. Gavana amesimama kidogo kwenye klabu ya mji wa jirani kufungua tangi la maji. Gavana amelazimishwa kula.

"Mwenyekiti," akasema Daktari Mujawar, "tukianza kupima huku mnamsubiri kuna ubaya gani?"

"Kabla ya taa?" Mahavir alimtazama kama mtu aliyeombwa kuonja chakula cha mungu kabla mungu hajapewa. "Daktari, mambo yana utaratibu wake."

"Basi lina utaratibu wake pia. Ambaye sitakuwa nimempima mpaka saa saba, ni mwakani."

Nyuma kabisa ya hema alikuwa amekaa Hindurao. Alikuja, alivyosema mwenyewe, kunywa chai ya bure na kucheka. "Mgeni wenu kapotea?" alipaza sauti. "Mwambieni afuate harufu ya maua!"

Watu wakacheka. Dhondiram akamtazama rafiki yake amekaa pale, bonge la mtu, kikombe amekishika kwa mikono miwili, na wazo likamjia. Mtu aliyefungwa kilemba jukwaani si ombaomba. Akishapanda pale, akishashangiliwa, kushuka upande wa meza za madaktari itakuwa kama mgeni anayekagua shughuli. Nani atamwonea huruma? Akamvuta mwenyekiti pembeni.

"Mgeni rasmi yupo."

"Amefika?" Mahavir akarekebisha mkufu wake wa uenyekiti.

"Vastad Hindurao. Kuna mtu wilaya hii aliyefungwa vilemba kumzidi yeye?"

Mahavir akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, ubaya wake ulikuwa picha tu. Uso ukamlegea akawa kama mtoto. "Baba alinibeba mabegani nikamwona akimwangusha yule mwanamieleka wa Punjab," alisema. "Nilipoteza viatu siku ile. Na gavana je?"

"Gavana anakula."

Basi wakamwita kwa kipaza sauti, na Hindurao, baada ya kutukana kidogo ili asionekane ana hamu, akapanda. Kijana wake mmoja alitangulia mbele yake ngazi hadi ngazi. Wakamfunga kilemba cha rangi ya zafarani, wakamvisha shali ya klabu. Wanavijiji wenye umri wake wakasimama kwenye mikeka kumpigia makofi, na yeye akawapigia paja lake kofi moja kama alivyokuwa akifanya ulingoni. Dhondiram alikuwa chini na kamera, anatabasamu peke yake. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa taa.

Mahavir akampa Hindurao mshumaa unaowaka. Jua la mchana lilikuwa likimpiga usoni. Akasogea kwenye taa kwa hatua za mtu asiye na shaka, akanyoosha mkono, na kuuweka moto juu kabisa, kwenye tausi wa shaba anayepamba kilele cha taa. Tambi zilikuwa chini, kwenye sahani ya mafuta. Akaushikilia moto pale kwa utulivu, tausi akaanza kuwa mweusi. Kisha akageukia watu na kuinamisha kichwa.

Jukwaa likapiga makofi, maana jukwaa hupiga makofi. Halafu makofi yakafifia moja moja.

Dhondiram alijikuta amepanda jukwaani, kamera inamgonga kifuani.

"Imewaka?" Hindurao aliuliza kwa sauti ya chini.

Angeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine yeyote pale angesema ndiyo.

"Haijawaka. Umemuunguza tausi."

"Watu wameona?"

"Wote."

Dhondiram akamshika kifundo cha mkono, mshiko wa ulingoni, akaushusha mkono ule mnene mpaka kwenye tambi. Ya kwanza ikashika, ya pili, zote. Mafuta yakanukia. Hakuna aliyejua kama apige makofi ama asipige, na safari hii hawakupiga.

Hindurao akaurudisha mshumaa, akashuka, akaenda moja kwa moja mpaka kamba ya hema ikamzuia kifuani. Akasimama hapo hapo, nyuma ya turubai, ameishika kamba. Dhondiram akamfuata.

"Umefurahi?" Hindurao alisema. "Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, kwamba hawajui. Na hicho umekitoa jukwaani mbele ya wilaya nzima."

"Hilo la taa nimekosea. Sikulifikiria, naapa. Lakini usiniambie hawajui."

"Nani anajua?"

"Vijana wako wote."

"Mwongo."

"Vastad, wewe unadhani kwa nini siku hizi wanapigana kwa makelele? Kila anayeingia ulingoni anajipiga mapaja, anaguna, anamtaja mwenzake kwa jina. Wamekubaliana wenyewe, tangu sikukuu ya Dasara. Ili usikie nani yuko wapi, nani juu, nani chini, uweze kuwafokea kama kawaida."

Hindurao aliiachia kamba.

"Nilidhani wameharibika adabu," alisema polepole. "Niliwachapa kwa hayo makelele. Sambhaji nilimchapa mara mbili."

"Walichapwa na wakaendelea kupiga kelele."

Akakaa chini, kwenye nyasi, kilemba na yote. Alipangusa uso kwa ncha ya shali ya klabu, na Dhondiram akageuka akajifanya anakagua vigingi vya hema. Nyuma yao sauti ya daktari ilikuwa ikiita majina. Kambi ilikuwa imeanza, tena kwa kasi.

"Watu wazima," Hindurao akasema, "wanaguna kama nguruwe kwa ajili yangu."

"Kama nyati."

"Watapata tabia mbaya. Wakienda kushindana Kolhapur watachekwa." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Niinue. Foleni iko wapi? Na usinipitishe mbele ya wazee wa watu, ugeni rasmi umekwisha."

Wakapanga foleni. Mama mmoja wa kijiji cha Hasur aliyekuwa mbele yao alisema hajawahi kusimama karibu na kilemba kizuri hivyo, Hindurao akakivua na kumvika mjukuu aliyebebwa na mama yule. Daktari Mujawar alimulika lile jicho kwa muda mrefu kuliko ya wengine.

"Mwaka jana nilikwambia nini?"

"Nilikuwa nafikiria, mama."

"Umefikiria mpaka ukingoni. Siwezi kukuahidi, unanisikia? Nitajaribu. Panda basi sasa hivi, na usiiname, usikohoe kwa nguvu, usinyanyue hata mtoto."

Dhondiram akapanda naye. Basi lilikuwa limeshafika daraja la mto simu ilipolia, Mahavir akiwa anapumua kama amekimbia.

"Gavana amefika! Tumeizima taa, anaiwasha upya. Uko wapi na kamera?"

"Kwenye basi."

"Basi gani, Dhondi? Wagonjwa hawapo, wewe hupo, nani atapiga picha?"

"Mwambie gavana asubiri. Amezoea kusubiriwa, ajifunze na kusubiri."

Kisha Mahavir akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Vastad amekubali?"

"Amekubali."

"Basi kaa naye," alisema mwenyekiti. "Kaa naye mpaka mwisho. Huku nitajua la kufanya."

Upasuaji ulikuwa mgumu na mrefu. Dhondiram alikaa kwenye benchi la nje akiahidi miungu vitu ambavyo hakuwa na uwezo navyo. Asubuhi yake kitambaa kilipofunguliwa, Hindurao alilitazama dirisha kwanza, akaendelea kulitazama. Ndipo yule mzee akasema, "Lile dirisha linahitaji kupigwa rangi," na Daktari Mujawar akacheka kwa sauti hata wauguzi wakaja kuangalia kuna nini.

Waliporudishwa Nandgiri, basi zima lilikuwa limevaa miwani nyeusi. Hindurao alikaa dirishani, na kuanzia geti la hospitali alianza kusoma mabango. Aliyasoma yote. Hakusoma shule zaidi ya darasa la nne, kwa hiyo kila neno alilisaga herufi kwa herufi, kwa sauti ileile ya kufokea vijana. Mbolea bora ya miwa. Saruji. Mafundi wa pampu. Ukumbi wa harusi, una maegesho. Chai. Chai. Kiwanda cha sukari, malori upande wa kushoto.

"Vastad, huruma basi," mtu wa nyuma akalalamika. "Wengine tunataka kulala."

"Lala, nani kakuzuia? Ma-tai-ri. Matairi mapya na ya zamani."

Mtu yule akamgusa Dhondiram bega. "Kaka, mwambie rafiki yako apumzike kidogo. Daktari si alisema apumzike?"

"Alisema asiiname," Dhondiram akajibu. "Kuhusu kusoma hakusema kitu."

Akasogea kidogo kwenye kiti ili kichwa chake kisimzibie mzee lile dirisha la upande wa pili, maana upande ule nao ulikuwa na mabango.