Kipande cha Mwisho cha Puerto Almendro

Ukitaka mikono yako iaminiwe katika maabara ile, kwanza utengeneze mate, kile kinywaji kichungu cha majani cha Argentina, kwa mikono ya chuma. Hilo halijaandikwa popote, lakini ndivyo ilivyo tangu Hilario Paz, fundi mkongwe wa pale, alipokuwa kijana mwenye nywele zake zote. Kuna chumba cha mazoezi, hakina mionzi hata chembe, chenye kioo kinene na mikono miwili ya chuma ndani unayoiendesha ukiwa nje. Mgeni anawekewa humo kibuyu, majani ya mate, mrija na themosi ya maji moto, halafu wenzake wanavuta viti wamwangalie anavyoaibika.

Ludmila Kozak aliaibika kwelikweli. Na yeye ni wa jimbo la Misiones, ambako mashamba ya mate yanaanzia mlangoni, na baba yake amezeekea kwenye tanuri la kukaushia majani hayo. Hata mtoto mdogo wa huko anajua kwamba maji humiminwa upande mmoja tu wa kibuyu, upande wa pili majani yabaki makavu. Basi siku ile mkono wa chuma ukateleza, themosi ikalala, kibuyu kikafurika na majani yakaelea juu.

"Jamani, mtoto wa mkulima kazamisha shamba," alisema Hilario. Tangu hapo akawa anamwita Mrusi Mzamishaji. Mrusi kwa sababu babu zake walitoka Ukraine, na Argentina kila mwenye jina la namna ile ni Mrusi, ubishe usibishe.

Ludmila hakununa. Kila akimaliza kazi alirudi kwenye chumba kile, mpaka akaweza kumimina bila tone kudondoka. Siku Hilario alipoonja na kusema, "Haya, yananyweka," alitembea kifua mbele wiki nzima, na alikuwa na haki yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvunja chuma. Msicheke, ni kazi, tena alisomea miaka mingi. Mionzi huzeesha chuma. Tangi lililobeba moyo wa kinu cha nyuklia likipigwa na mionzi miaka nenda miaka rudi, chuma chake hukakamaa, na chuma kilichokakamaa hakipindi, kinapasuka kama kigae. Ndiyo maana waliojenga kinu cha Puerto Almendro waliweka ndani vipande vidogo vya chuma kilekile, vizeeke pamoja na tangi. Vinatolewa vichache vichache, vinapozwa kwenye beseni la baridi kali, kisha vinapigwa na nyundo ya kubembea. Nyundo ikipunguzwa kasi, namba inayotoka ni kubwa, chuma bado kina nguvu. Nyundo ikipita kama haijakutana na kitu, kinu kifungwe.

Baba yake hilo halikumwingia kamwe. "Yaani wanakulipa uvunje vitu?" aliuliza kila wakipigiana simu. "Hapa nyumbani ulikuwa unavunja bure, na bado mama yako alikuchapa."

Mwaka ule Puerto Almendro waliomba ruhusa ya kuendesha kinu chao miaka ishirini zaidi, na vipande vilivyobaki vilikuwa viwili tu duniani. Mji mzima unakula kwa kinu hicho. Dada yake Hilario anafanya kazi kule, na wanawe wawili pia. Aliyepewa kuvunja vipande hivyo alikuwa Ludmila, na usiku wa kuamkia kazi hiyo alilala kidogo sana.

Sharti ni moja. Kipande kikitoka kwenye beseni, nyundo ikipige ndani ya sekunde tano. Ukichelewa kinapata joto, na chuma chenye joto husema uongo, kinaonekana imara kuliko kilivyo. Mwendeshaji anakanyaga pedali pale kipande kinapotoka, na saa inaanza kuhesabu.

Ludmila alinyanyua kipande cha kwanza. Kikamponyoka, kikalala kwenye ukingo wa beseni. Akakidaka tena, akakipeleka mahali pake, na ni njiani hapo ndipo mguu wake ulipokumbuka pedali. Nyundo ikaanguka. Saa ikasema sekunde nne. Namba iliyotoka ilikuwa kubwa, nzuri, ya kujivunia.

Hilario alipiga meza kwa kiganja. Injinia Mirta Zubiría, mkuu wa maabara, mwanamke asiyecheka ovyo, alicheka. Kufumba na kufumbua Hilario alikuwa koridoni anaongea na dada yake kwenye simu. Wote walikuwa wameangalia nyundo. Mguu wa Ludmila hakuna aliyeuona.

Alibaki ameshika vishikio. Angenyamaza, nani angejua? Saa ilikuwa shahidi wake, tena shahidi wa uongo anayeaminika na kila mtu. Lakini akafikiria tangi lile, na watu wa mji ule wanaolala pembeni yake, na namba yake nzuri ikiwadanganya wote miaka ishirini. Akaachia vishikio, akaenda jikoni.

Kule Injinia Zubiría alikuwa anamimina mate, kama siku zote, na Hilario alikuwa ameingia na simu yake mkononi. Pale themosi haishikwi na kila mtu. Anayemimina ni mmoja, anayeaminiwa na wote, na mdogo wa maabara husubiri kibuyu kimfikie.

"Injinia," Ludmila alisema, "ile namba tuitupe."

"Tuitupe wapi?"

"Kipande kiliniponyoka. Pedali nimekanyaga kimeshatoka. Zile sekunde nne ni saba, labda nane."

Hilario aliweka simu mezani. "We Mrusi, umelewa? Nimeshamwambia dada yangu."

"Mwambie nimekosea."

"Mwambie mwenyewe. Umebakiza kipande kimoja. Kikiharibika na hicho, hakuna namba, hakuna ruhusa, hakuna kazi ya mtu yeyote kule. Ungenyamaza tu."

"Hilario," alisema Injinia, kwa sauti ya chini.

Akampa kibuyu. Hilario akanyonya mpaka mrija ukalia, akakirudisha. "Asante," akasema, akatoka.

Kwenye mate, asante maana yake nimetosheka, usinipe tena. Hilario hakuwahi kutosheka na kibuyu kimoja tangu azaliwe. Ludmila alilielewa tusi hilo, na likamchoma.

Asubuhi yake kila mtu alidhani kipande cha mwisho atapewa Hilario. Hata Hilario mwenyewe alishavaa glavu.

"Atafanya Ludmila," alisema Injinia.

"Kwa nini yeye? Si ndiye aliyeharibu?"

"Mkono wako ni mzuri kuliko wake, hilo nalijua. Lakini mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wakaguzi. Nataka mtu ambaye kikiharibika ataniambia."

Hilario alivua glavu polepole. Ludmila akamgeukia.

"Hilario, nisaidie. Usiangalie nyundo. Niangalie mguu."

 Mzee yule akapiga goti pale sakafuni, magoti yake mabovu yakilia, akakodolea pedali.

Ludmila alishika vishikio. Alikumbuka kibuyu: upande mmoja tu, taratibu, bila pupa. Akanyanyua, na mguu ukashuka papo hapo. Mkono wa chuma ukaenda moja kwa moja. Nyundo ikaanguka.

"Nne," alisema Hilario kutoka chini. "Nne halali. Mguu na kipande vimekwenda pamoja."

Injinia Zubiría aliisoma namba, akaisoma tena. Ilikuwa ndogo, ndogo sana kuliko ya jana.

"Imepita?" Ludmila aliuliza.

"Imepita. Si kwa mbwembwe za jana, lakini imepita. Ishirini hawatapata. Kumi watapata, na hiyo kumi nitaitetea popote bila kumeza neno."

 Ludmila hakuwahi kuipenda namba ndogo namna ile.

Jikoni, Injinia alikaa, akaisukuma themosi juu ya meza mpaka ikamgusa Ludmila kiwiko. "Mimina."

Ludmila akaitazama kama hajawahi kuona themosi. Akatia majani, akamimina upande mmoja. Kibuyu cha kwanza, kile kichungu kuliko vyote, ni cha mwenye kumimina, basi akakinywa mwenyewe mpaka mwisho. Cha pili akampa Injinia. Cha tatu akampa Hilario.

"Ngoja nitazame kwanza," alisema Hilario, akichungulia ndani. "Shamba halijazama?"

"Kunywa, mzee. Dada yako umempigia?"

"Nimempigia. Nimemwambia kumi. Akauliza nani kasema. Nikamwambia Mrusi, na huyo akisema kumi ujue ni kumi."

Akanyonya mpaka mrija ukalia. Akamrudishia kibuyu, akajifuta mdomo, akangoja. Hakusema asante. Ludmila akamjazia tena.