Ingeweza Kuwa Mbaya Zaidi

Sisi wa kijiji cha Uiterham hatusifu kitu moja kwa moja. Binti yangu Aaltien alipozaliwa, mkunga alimtazama, akamgeuza, akasema, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi," na mume wangu Tjakko akatoka nje kwenda kulia kwa furaha. Supu ikiwa tamu, ng'ombe akishinda maonyesho, mahubiri yakigusa moyo, tunasema hivyohivyo. Mgeni hudhani tumenuna.

Kwa hiyo jirani Freerk alipokuja na chuma chake baada ya mavuno ya nyasi, nilimsikia kama mtu yeyote wa hapa angemsikia.

Freerk ndiye mpimaji wa bima yetu. Bima yenyewe haina tajiri nyuma yake. Ni sisi wakulima, na kabla yetu babu zetu: ghala la mmoja likiungua, wote wanachanga. Na kwa kuwa nyasi zikihifadhiwa zikiwa na unyevu hujipasha moto zenyewe hadi kuwaka, Freerk huzunguka kwenye maghala, anachomeka chuma kirefu katikati ya rundo, anasubiri, kisha anakichomoa na kukifumbata ili kuona kimepata joto kiasi gani.

Kwetu alikifumbata. Akakifumbata tena.

"Vipi, jirani?" Tjakko akamwuliza.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Tukaingia jikoni kunywa kahawa. Freerk alimbeba Aaltien akamchezesha kwenye goti.

Wiki ileile, mchana kweupe, ghala letu liliwaka na ndama wote wakiwa ndani. Majirani walikuja mbio, hakuna aliyesubiri kuitwa. Roelfien wa shamba la pili alinichukulia mtoto mikononi, akamfunika kwa koti lake, akakaa naye mpaka moshi ulipopungua. Nilijiambia, haidhuru, ghala litajengwa. Tuna watu.

Kikao cha wanachama kilifanyika ukumbini, juu ya mkahawa. Mwenyekiti wetu, Ubbo, alisimama.

"Kanuni mnaijua. Mpimaji akionya na mwenye nyasi asizitoe nje, bima hailipi. Freerk, ulionya?"

Freerk alikuwa akiizungusha kofia yake mapajani. "Nilisema ingeweza kuwa mbaya zaidi."

"Kwa maana gani?"

"Kwa maana ni mbaya."

Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Mvua ya mawe ilikuwa imewaharibia wengi mazao mwaka uliopita, tulishachanga mara mbili, na bei ya maziwa ilikuwa chini. Kila mmoja alikuwa akitazama meza yake.

Tjakko akainuka. "Jirani Freerk, siku ya harusi yangu ulimtazama Geesje, ukasema maneno hayohayo."

"Labda alikuwa anakuonya," mtu akadakia kutoka nyuma.

Hapo ndipo walipocheka. Hata Ubbo alicheka kidogo kabla ya kugonga meza. Mimi Geesje nilikuwa nimekaa palepale, mtoto kifuani.

Kwenye masomo ya jioni ya wakulima, niliyosoma kabla ya kuolewa, tulifundishwa kwamba bima ya namna yetu haina wenye hisa wa kuwashibisha. Aliyekatiwa bima ndiye mwenye bima. Niliyaandika hayo kwenye mtihani kwa fahari kabisa. Sikufikiria kuandika upande wake wa pili: siku ya moto, anayekulipa ni jirani yako, na anakujua, na anaijua pia mifuko yake.

"Wanaosema Freerk alionya?" Ubbo akauliza.

Mikono ilianza kuinuka, mmoja mmoja, bila haraka. Mkono wa Roelfien ulichelewa. Ulipoinuka, yeye mwenyewe alikuwa ametazama dirishani.

Bima haikulipa, tukauza nusu ya ng'ombe. Tjakko alitaka tuhamie kampuni ya mjini. "Huko anayeninyima simjui," alisema. "Nitalala usingizi."

"Na mwakani ghala la mwingine likiungua?"

"Waungue."

"Mimi nabaki," nikamwambia. "Ukumbi ule uwe na mkono mmoja wa kuinuka kwa haki." Hata mimi naomba tu kwamba siku hiyo mkono wangu hautakuwa mzito.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote, na nyundo na mbao zao, bila kudai chochote, kuwajengea ng'ombe waliobaki banda kabla ya baridi. Mikono ileile. Freerk alipigilia misumari kutwa nzima, na hakuja jikoni kunywa kahawa. Roelfien alileta sufuria ya supu ya haradali, akanijazia bakuli, akasimama mbele yangu na upawa wake.

"Ikoje, Gees?"

Ilikuwa tamu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," nikasema.

Alianza kutabasamu, akasita. Akanitazama usoni akitafuta kama nimemshukuru au vipi. Nikamwacha atafute, nikamlisha Aaltien kijiko cha kwanza.