Mayai ya Alhamisi

Mwongeli wa Makongeni hakuwa mama mbaya. Aibu tu ndiyo ilikuwa nyingi kuliko akili, na aibu hiyo ilibaki kidogo tu imrudishe kijana wake kwa kilabu cha pombe.

Kijana ni Makau, fundi wa mawe. Mawe aliyajua, lakini pombe aliijua zaidi. Vibarua viliisha, uso ukavimba, mpaka siku moja, bila kusukumwa na mtu, akamwambia mamake kwamba amechoka, anataka kuacha, lakini peke yake ameshindwa. Mwongeli alimshukuru Mungu palepale jikoni, mwiko mkononi. Halafu akafunga dirisha, jirani yake Benta asisikie.

Muuguzi wa zahanati alimwambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Hukutana kila Alhamisi mchana katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati, hapo hapo Makongeni. Mtu hukaa, husikiliza wengine, na huongea akitaka. Mwongeli akauliza kama hakuna kingine mbali kidogo. Muuguzi alishangaa, kwa sababu watu huuliza cha karibu. Mwongeli akasema ni kwa kijana wa rafiki yake, anapenda kusafiri.

Ndipo Makau akaanza kwenda Ruiru, kwa kikundi cha mzee mmoja Boaz, aliyeacha pombe zamani na bado hucheka kuliko walevi. Alirudi na mwili mwepesi. Majina ya watu hakutaja, lakini alisema kuna mmoja aliyeuza mlango wa nyumba yake mwenyewe, kisha usiku akaanza kuogopa wezi. Mwongeli alicheka mpaka machozi. Hakuwa amecheka na kijana wake tangu kazi ya mawe iishe.

Sasa Benta. Benta ni mtu wa Siaya, mke wa Odongo wa kiwandani, na macho yake hayana likizo. Alitaka kujua Makau anaenda wapi kila Alhamisi amevaa shati lililopigwa pasi. Mwongeli angeweza kusema ukweli, au angesema hajui. Badala yake alisema kijana amejiunga na chama cha kufuga kuku Ruiru. Kuku wa kienyeji.

Benta akasema vizuri sana, basi awe anamletea mayai.

Uongo ukishaanza kula, lazima uulishe. Kila Alhamisi Makau alipotoka kwa mkutano, mamake alimpigia simu asisahau trei ya mayai. Kijana alilalamika mara ya kwanza, akalalamika ya pili. Mwongeli alimwambia asiwe mvivu, mayai ni kitu gani?

Alhamisi moja alirudi bila mayai. Mwongeli akaanza kufoka kabla kijana hajavua viatu. Makau akakaa chini, akamtazama.

"Mwaitu," akasema, kwa maana ndivyo Wakamba humwita mama, "mkutano haunishindi. Mayai ndiyo yananimaliza."

Kibanda cha mayai, kumbe, kimeshikana ukuta na kilabu alichokuwa akinywea siku alizokuwa akijenga huko Ruiru. Wenzake wa zamani humwita kupitia dirisha. Leo aliingia na trei yake. Walimjazia glasi, wakaiweka mbele yake. Lakini meza ilikuwa imejaa, mahali pa kuweka trei hapakuwapo, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika mayai. Alikaa hivyo akiitazama glasi, kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Mwishowe akasimama, akawaachia mayai, akatoka.

Mwongeli alitaka kucheka. Midomo ilikataa.

"Na wiki ijayo," Makau akauliza, "wakinipatia nafasi kwa meza?"

Yeye aliyekesha akimwombea kijana, ndiye alikuwa akimtuma mlangoni pa kilabu kila wiki kwa simu.

Hakungoja hata chai. Alitoka na kanga ya jikoni, akamkuta Benta akianika nguo, akasema bila kuvuta pumzi kwamba hakuna kuku, hakujawahi kuwa na kuku, Makau anaenda kwa mkutano wa watu wanaoacha pombe.

Benta alibana nguo kwa kamba, akachukua nyingine.

"Mama Makau, mimi nimelelewa na kuku," akasema. "Kienyeji gani anataga mayai yote saizi moja, na kiini cheupe kama uso wa mzungu? Nilikuwa nakula tu nikikuheshimu."

Mwongeli akakosa pa kuangalia. Benta naye akakunja shati la Odongo ambalo bado lilikuwa na maji, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama hao watu wanakubali mtu aje na nguo za kazi.

Alhamisi iliyofuata Makau hakupanda gari la Ruiru. Alimpigia mzee Boaz, akacheka naye, kisha akatembea mpaka ule ukumbi wa nyuma ya zahanati, mchana kweupe, Odongo kando yake na ovaroli ya kiwanda. Mwongeli alitaka kuwasindikiza. Makau alimwambia abaki, mkutano si wa wazazi.

Akabaki kwa lango na Benta, wote wanatazama migongo.

"Chama chetu cha kuku hicho kinaenda," Benta akasema.

Kwa hivyo wewe mama mwenye kijana kama huyo, ukiulizwa anaenda wapi, sema. Wa kukucheka atacheka leo, kesho atakuuliza siku na saa ya mkutano.