Jina Nisiloliandika

Mashine iliandika tena kwa maneno mekundu: haimjui Mzee.

Nilifumba macho nikaomba, kisha nikakagua programu yangu mstari kwa mstari. Mzee anatembea. Mzee anavuka mto. Mzee anafikisha ng'ombe zizini. Kila mahali nimeandika Mzee, kwa herufi zilezile. Hata hivyo mchunga ng'ombe wa mchezo wangu alisimama ukingoni, hasogei.

"Mama Happy, iko nini tena?" aliuliza Houssein, mshonaji tunayekaa naye benchi moja katika darasa la kompyuta la jioni hapa kijijini Yoba. "Mi naona sala zimeisha. Jaribu kofi."

Sikucheka. Jioni ileile wasahihishaji wa mtihani wetu wangepiga simu kutoka mjini Muyinga. Ambaye mchezo wake ungetembea, naye akaweza kuueleza, angepewa kazi ya kufundisha kompyuta huko. Shamba letu la Bukirasazi lilichukuliwa na wengine tulipokuwa ukimbizini Tanzania. Sikuwa na tegemeo lingine.

Mwalimu Godfrey alikuja, akafungua faili ya picha tuliyotumiwa kutoka Muyinga. "Dada Letisia," aliniambia, "watu wa Muyinga ndio waliomchora mchunga ng'ombe, na walishampa jina. Wewe unamwita kwa jina jingine. Ataitikaje?" Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina.

Nilikuwa nimeliona siku niliyopokea faili, nikalipita haraka. Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mke halitamki wala haliandiki. Mkono wenyewe uliandika Mzee, nami niliamini mashine itaelewa, kama majirani wanavyoelewa.

"Unakili tu, mama," Houssein alininong'oneza. "Mashine haina wakwe."

Nilinakili huku nikitazama pembeni. Mchunga ng'ombe akavuka mto. Darasa likapiga makofi, na moyo wangu ukazidi kuwa mzito.

Simu ikalia, mwalimu akaifungulia spika. Msahihishaji alikuwa mama aitwaye Imelda.

"Soma mstari wa kwanza, dada."

"Huyu... anatembea."

"Huyu nani?"

"Mchunga ng'ombe."

"Jina lake. Nitajuaje kama umeandika mwenyewe?"

"Madamu, kwa desturi yetu..." Godfrey alianza.

"Mwalimu, usimjibie."

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nifungue kinywa.  Nilimsikia Imelda akivuta pumzi.

"Aje mwingine," alisema.

Nyumbani, baba mkwe alikuwa hajala, akiningoja. Nilimweleza yote bila kuficha. Alisugua magoti yake.

"Mwanangu, ungelitaja. Ningekukasirikia vipi, mtu anayenipikia kila siku?"

"Sikuweza, Mzee."

"Nakuruhusu mimi mwenyewe. Kesho mpigie yule mama, umwambie. Litaje sasa, nisikie."

Nilipiga magoti sakafuni, nikafungua kinywa. Alisogeza sikio, akaweka kiganja nyuma yake. Jina halikutoka. Nikajaribu kuanza na Sala ya Bwana, labda ingenivusha. Nikafika pale tunapolitukuza jina lake, na hapo pia sauti ikakatika.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi. Inuka."

Sikuinuka.